Barua ya wazi kwa wenye kuta na wenye funguo: mwandikeni mchoraji jina lake

Kwa wakurugenzi wa makumbusho, wenye nyumba za sanaa, wasimamizi wa maonyesho, na ninyi maofisa wa miji mnaoamua ukuta upi uachwe na upi upakwe rangi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mtazamaji tu. Sichori, siuzi picha, na jina langu hamtalikuta kwenye orodha za waalikwa wenu. Nina kazi nyingine kabisa inayoniweka mjini. Picha ni mapenzi. Nikisikia kuna maonyesho mapya, naenda. Nikiona ukuta umechorwa, nasimama, hata kama niliofuatana nao wamekwisha kuvuka barabara na wananipungia mkono kwa hasira.

Asubuhi moja nilikuta kijana amepanda ngazi, rola mkononi, ndoo ya rangi ya kijivu imening'inizwa kwa waya. Ukuta aliokuwa akiupaka nilikuwa nimeuzoea kwa miaka: mwanamke ameketi anamchana mtoto nywele, vidole vyake virefu kupita vya binadamu, na meno ya kile kitana mchoraji ameyageuza madirisha ya nyumba zinazowaka taa. Ukanda wa chini ulikuwa umeshapitishwa brashi, na huku juu uso wa mama ulikuwa umekwenda. Ilibaki mikono. Rola ilipopita mara ya kwanza, wekundu wa ndani uliendelea kuonekana, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Ilipopita mara ya pili, kwisha. Nikamuuliza, "Kaka, huu mchoro alichora nani?" Akanijibu bila kugeuka: "Mimi nimeambiwa nipake mpaka pale kwenye bomba."

Simlaumu. Alikuwa na maagizo yake, na aliyatimiza vizuri, kingo zilinyooka. Nilipiga simu kwenye ofisi inayohusika. Nikapokewa kwa adabu, nikahamishwa kutoka meza moja hadi nyingine, na mtu wa tatu kunipokea akaniuliza swali langu mwenyewe: "Kwani alichora nani?"

Sikuandika kulilia ukuta. Kuta hupakwa. Mchoraji wa mtaani anajua kwamba amechora juu ya kitu kisicho chake, na jua na mvua vitaila rangi hata ninyi msipoigusa. Kilichonikaa kooni ni kwamba mchoro ulikaa pale miaka, watu wakapiga nao picha za harusi, pengine ofisi hiyohiyo ndiyo iliyotoa kibali na kulipia ngazi, halafu siku ya kuufuta hapatikani mtu mmoja wa kusema ilikuwa kazi ya nani. Basi ombi langu ni hili, na barua yote iliyobaki ni maelezo yake: popote mnapoonyesha kazi ya mtu, andikeni jina lake mahali linaposomeka, na mlitunze hata kazi ikishaondoka.

Nianze na wenye kuta. Kuna jambo hapa linalochekesha kidogo ukilifikiria. Grafiti tunayoijua leo, yaani maandishi na michoro ya kwenye kuta za mitaani, ilianza kwa majina matupu. Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana mmoja aliyekuwa tarishi, akizunguka jiji zima kupeleka vifurushi, na kila anapopita anaacha maandishi: TAKI 183. Taki ni ufupisho wa jina lake, na 183 ni namba ya mtaa aliokuwa akiishi. Hakuchora ua wala sura. Aliandika tu kwamba yupo, na baada ya habari ile kutoka, vijana wengine chungu nzima wakamwiga. Hawakuwa na ukumbi, hawakuwa na mfadhili, hawakuwa na karatasi ya mwaliko. Walikuwa na kalamu ya wino mzito na jina. Leo sanaa hiyohiyo imekua, imepewa vibali, imepewa ngazi na bima, mnaizindua kwa kukata utepe, na kitu cha kwanza kilichopotea njiani ni jina. Nembo ya mfadhili inapata mita nzima ya ukuta. Mchoraji anapata sahihi ya ukubwa wa kiganja, chini kabisa, mahali ambapo pikipiki huegeshwa.

Huenda mtasema majina hayo hayana uzito, ni vijana tu wa rangi ya kupuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kuta za kusini mwa Manhattan zilikuwa zimejaa misemo ya mkato iliyotiwa jina SAMO. Walioiandika walikuwa vijana wawili, Al Diaz na Jean-Michel Basquiat. Juni 1980 Basquiat alionyesha kazi kwenye jengo bovu karibu na Times Square, katika maonyesho yaliyoandaliwa na wasanii wenyewe bila kusubiri makumbusho yoyote. Alifariki mwaka 1988, akiwa na miaka 27. Mwaka 2017 picha yake moja ya 1982 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.5. Siitaji bei hiyo kwa sababu pesa ndiyo kipimo. Wengi ninaowapenda hawatauza hata kwa elfu moja ya hiyo. Naitaja kwa sababu naona ndiyo lugha inayosikika haraka kwenye vikao vyenu. Wale waliopita mbele ya ukuta wa SAMO na kuuona ni uchafu walikuwa na macho mazima. Walikosa mtu wa kuwaambia wanamtazama nani.

Asiyekujua hakuthamini. Ofisi za miji zimelithibitisha hilo zenyewe, tena hadharani. Mwaka 2010 wafanyakazi wa usafi mjini Melbourne walifuta panya aliyechorwa na Banksy, mchoraji wa mtaani maarufu wa Uingereza, kwenye kichochoro ambacho jiji lenyewe linakitangaza kwa wageni kwa ajili ya michoro yake. Mwaka 2014, Clacton-on-Sea huko Uingereza, kulichorwa njiwa wa kijivu wameshika mabango ya kumfukuza ndege mmoja wa rangi ya kijani aliyetoka mbali. Halmashauri ikapokea lalamiko kwamba mchoro ni wa kibaguzi, ikauondoa. Ilipojulikana kwamba ni kazi ya Banksy, na kwamba alikuwa akiwacheka wabaguzi, halmashauri ikasema ingefurahi akirudi kuwachorea kitu kinachofaa! Yaani mchoro ni uleule, njiwa ni walewale, kilichobadilika ni jina. Nilicheka niliposoma, halafu nikajiuliza: na kama asingekuwa Banksy? Kama angekuwa binti wa miaka 19 mwenye makopo manne ya rangi? Kazi ingekuwa nzuri vilevile, na hakuna mtu ambaye angemwomba arudi.

Yuko mwenye jengo mmoja aliyejifunza kwa gharama kubwa. Kule Queens, New York, palikuwa na kiwanda cha zamani kilichoitwa 5Pointz. Mwenyewe aliwaruhusu wachoraji kukichora kwa miaka mingi, watu wakawa wanasafiri kwenda kukiona. Novemba 2013, usiku, akaamuru kipakwe chokaa chote, kabla hajakibomoa. Wachoraji 21 wakaenda mahakamani, na Februari 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Mwenye jengo akakata rufaa, akashindwa mwaka 2020. Sheria waliyoitumia ni ya mwaka 1990, na inalinda kazi yenye hadhi inayotambulika. Lizingatieni neno hilo, inayotambulika. Ili washinde, wachoraji walipaswa kuonyesha kwamba kazi zao zinajulikana: picha zake, nani alichora nini, nani aliandika juu yake. Walioweka kumbukumbu walikuwa na cha kupeleka mbele ya jaji. Fikirini mchoraji wa yule mama na kitana angepeleka nini.

Wala si jambo gumu. Philadelphia ilianza mwaka 1984 na mpango wa kupambana na grafiti, wakaajiri mchoraji, Jane Golden, azungumze na vijana wenyewe. Vijana wakapewa kuta za kuchora kwa halali. Mpango ule wa kufuta ukageuka kuwa mpango wa kuchora, na zaidi ya michoro 4,000 imechorwa tangu hapo, kwa ramani na orodha ambayo mgeni anaweza kutembea nayo. Mnaona? Ofisi iliyoanzishwa ili iondoe ndiyo iliyoishia kuwa na daftari bora kuliko wengi wanaojiita walezi wa sanaa.

Najua mtakaloniambia: wapo wasiotaka kujulikana. Ni kweli, na wana haki yao. Banksy hajawahi kuonyesha uso, lakini hata yeye ana jina alilolichagua, na mtu akitaka kujua mchoro upi ni wake na upi si wake kuna mahali pa kuangalia. Mwandikeni mtu kwa jina analotaka yeye, hata liwe namba. Asipotaka lolote, andikeni mwaka na mnyamaze. Mchoraji wa mtaani Mwitaliano, Blu, yeye alikwenda mbali zaidi: Machi 2016, mjini Bologna, ilipoandaliwa maonyesho yenye michoro iliyobanduliwa kutoka kuta za mitaani bila ridhaa ya waliochora, alitoka na wenzake wakafuta kazi zake zote mjini humo, miaka kama 20 ya uchoraji, kwa rangi ya kijivu. Ya kijivu pia. Lakini hiyo ilikuwa rangi ya mwenye kazi, na kila mtu mjini alijua nani amefuta, amefuta nini, na kwa nini. Watu walihuzunika wakijua wamepoteza nini. Mimi ninyi mmeninyima hata huzuni ya aina hiyo.

Sasa niingie ndani, kwenye sakafu zenu zinazong'aa.

Nilikwenda kwenye maonyesho ya wachoraji sita, wote wapya kwangu, na ndiyo sababu nilikwenda. Kuta nyeupe, picha zimepangwa kwa nafasi nzuri, na hakuna kibao hata kimoja. Nikamwendea dada aliyekaa mezani. Akanieleza kwa upole kwamba vibao "vinaharibu ukuta," na kwamba ipo karatasi yenye namba na majina. Karatasi ilikuwa moja. Mzee mmoja alikuwa nayo upande wa pili wa ukumbi, anaisoma pole pole, na sikutaka kumharakisha kwa sababu alikuwa akifanya hasa kile ninachotaka watu wafanye. Nikaambiwa basi niskani kwa simu mraba wa QR uliobandikwa mlangoni. Nikaskani. Ukanipeleka kwenye ukurasa wa maonyesho yaliyopita.

Karibu na mlango palikuwa na picha ndogo, haizidi ukubwa wa daftari la shule, ya ndoo ya bluu chini ya bomba linalovuja. Basi, ndoo tu. Lakini lile tone lililokuwa karibu kudondoka lilichorwa kwa namna kwamba nilijikuta nalisubiri. Nilisimama hapo nikisubiri tone la rangi lianguke, mtu mzima na akili zangu! Mzee alipomaliza karatasi nikaambiwa muda wa kufunga umefika. Wiki iliyofuata nikarudi, picha zilikuwa zimeshushwa na wengine wanapigilia misumari. Ukurasa wa maonyesho nao umefutwa. Nimewataja watu wengi kwenye barua hii, kuanzia New York hadi Bologna, na yule wa ndoo, ambaye pengine anaishi mwendo wa dakika chache kutoka nilipokaa, siwezi kumtaja.

Wasimamizi wa maonyesho huniambia, kwa uzoefu wao, kwamba watu hawasomi vibao. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu wageni wa makumbusho ya Metropolitan huko New York: mgeni alitumia kama sekunde 27 kwa wastani mbele ya picha maarufu, na nusu yao hawakufikisha hata 17, ikiwa ni pamoja na kusoma kibao. Ni muda mfupi, sikatai. Lakini jina la mtu na mwaka havihitaji sekunde tatu. Shida inakuja pale kibao kinapojazwa aya nzima ya maneno ambayo hata aliyeyaandika hawezi kuyasema kwa mdomo bila kukwama, kwa herufi ndogo, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, kikabandikwa usawa wa goti. Hicho kweli hakisomwi. Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kwa kuchora vibao vya biashara, akafungua karakana yake mwaka 1975, aliliona hilo mapema: aliingiza maandishi ndani ya picha zenyewe ili mpita njia asimame asome, na huku anasoma, anaitazama picha. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa zimefika Paris. Mtu wa vibao anajua zaidi kuhusu kusomwa kuliko wengi wenye shahada ya historia ya sanaa.

Kibao ninachokiomba kina jina la mchoraji, jina la kazi, mwaka, na vifaa ambavyo kazi imetengenezwa navyo. Hayo ya mwisho nayo msiyapuuze. "Vifaa mchanganyiko" hainiambii kitu. Niambieni ni makaa, ni mafuta juu ya gunia, ni rangi ya baiskeli juu ya ubao. Nikijua hivyo mkono wangu unaelewa kabla ya kichwa. Kisha jina hilo libaki kwenye ukurasa wenu hata maonyesho yakiisha. Kufuta ukurasa hakuwapunguzii gharama yoyote ya maana, na kwa mchoraji mchanga huo ndio ushahidi pekee kwamba alionyesha. Anapoomba nafasi kwingine ataulizwa umeonyesha wapi, na atabaki anaapa.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo ningependa kila mkurugenzi aibandike juu ya meza yake. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1985 aliandaa maonyesho ya wanawake 11, weusi na wenye asili ya Asia, kwenye ICA, taasisi ya sanaa ya kisasa mjini London. Kumbi kubwa hawakupewa. Walipewa korido, njia ambayo watu wanapita wakielekea kwingine. Fikirini mchoraji anasubiri miaka kupata ukuta, halafu anapewa ukuta ambao mtazamaji hawezi hata kurudi nyuma hatua tatu aione picha nzima, kwa sababu atagonga ukuta wa pili.

Katika wale 11 alikuwemo Himid mwenyewe, aliyekuja kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Alikuwemo Veronica Ryan, aliyeshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2022. Alikuwemo Sonia Boyce, ambaye mwaka huohuo wa 2022 aliipatia Uingereza Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa. Watatu kutoka korido moja! Na tunaweza kuyasema haya kwa sababu moja tu: majina yao yaliandikwa. Watafiti walirudi, wakayakuta, wakafuatilia. Lau ingekuwa karatasi moja mezani, nayo ikapotea, leo tungesema wanawake hawa wametokea ghafla uzeeni.

Na hapo kwenye uzee pana aibu nyingine. Tangu 1991 tuzo ya Turner ilikuwa na sharti kwamba mtu asizidi miaka 50. Himid aliipata akiwa na 63, mwaka uleule sharti lilipoondolewa. Carmen Herrera, mzaliwa wa Cuba, aliuza picha yake ya kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89, baada ya kuchora karibu maisha yake yote. Kila ninaposoma matangazo yenu ya kuwatafuta "vipaji vipya, chini ya miaka 35" nawafikiria hawa wawili. Mchoraji mpya ni yule ambaye mimi sijamwona bado. Anaweza kuwa ana wajukuu.

Basi fungueni na mlango wa kuingilia. Royal Academy ya London, taasisi ya wasanii, imekuwa na maonyesho ya kila mwaka tangu 1769 ambayo mtu yeyote anaweza kupeleka kazi ichujwe, awe na jina au asiwe nalo. Wengi hukataliwa, na sawa. Lakini pana mahali pa kupeleka. Kwenu, mara nyingi niulizapo mchoraji anaingiaje, jibu huwa ni kwamba msimamizi "alimfahamu." Alimfahamu kupitia nani? Kupitia aliyeonyesha mwaka jana. Ndiyo maana nikiingia kwenye maonyesho ya pamoja ya mwaka huu nakuta majina tisa niliyoyakuta kwingine, na la kumi ni la mpwa wa mtu. (Samahani, hilo limenitoka. Lakini silifuti.)

Kuhusu saa za kufungua sitasema mengi. Mnafungua watu wakiwa kazini, mnafunga wanapotoka. Mnatangaza ufunguzi kwa waalikwa na mnasahau kutangaza siku ya mwisho. Wekeni tarehe zote mbili kwenye tangazo, na angalau jioni moja kwa wiki taa ziwake. Linatosha.

Nirudi kwenye ukuta, kwa sababu ndiko mimi na watu wengi tunakokutana na picha ya kwanza bila tiketi. Kabla hamjafuta, bandikeni notisi. Mwezi mmoja, miwili, si ya kuomba ruhusa kwa mtu, ni ya kutupa nafasi. Mchoraji apate kuja na kamera nzuri. Watoto waliokua nao wapite. Atakayetaka kulalamika alalamike, nanyi mumjibu. Halafu pigeni picha yenu rasmi, mchana, bila gari mbele, andikeni jina na tarehe mbili, ya kuchorwa na ya kufutwa, mweke kwenye faili. Mnafanya hivyo kwa mabomba ya maji taka: kila bomba lina namba, ramani, na mwaka lilipotandazwa. Yule kijana wa rola alijua hasa bomba liko wapi.

Nami nikiri langu. Kwa miaka yote niliyopita mbele ya ule ukuta sikuwahi kuinama nikasoma sahihi. Nilidhani itakuwepo kesho. Ninayo picha moja niliyoipiga kwa simu, na nimeikuza mpaka imekuwa vijiraba. Kwenye kona ya chini, kulia, karibu na bomba, kuna maandishi meupe. Siku hiyo kulikuwa na pikipiki imeegeshwa. Zinasomeka herufi tatu, M, A na S, kisha kioo cha pikipiki, kisha mwaka. Ndani ya kioo naonekana mimi nimeinua simu. Kama katika makabati yenu lipo faili lolote la kibali cha ukuta ule, namwomba mmoja wenu alifungue, aangalie ni nini kinafuata baada ya S.

Wenu katika kutazama,
Mpita njia